Pai ya Mwalimu Teodora

Mwalimu Teodora alipoona hata uji haupiti tena kooni, alimtuma binti yake Dorcas akamwite kaka yake mwaloni, ufukoni samaki wanakoshushwa na kuuzwa. Revocatus alikuja vilevile alivyokuwa, magamba ya sangara mikononi, akaketi kando ya kitanda cha mama yake pale Mkuyuni. Alijua alichoitiwa. Tangu apunguzwe kazini aliwauzia samaki wenye viwanda, na wiki hiyo alikuwa amemwambia binti yake Kija aache sekondari aje asimamie mizani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sikilizeni wanangu, msinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kubishana. Nyumba hii ni yenu wawili: Dorcas achukue upande wa barabarani aweke cherehani yake, na wewe Revocatus vyumba vya uani vyenye wapangaji. Shamba la Misungwi lisiuzwe, hata wakija hao wanaonunua kila kitu siku hizi. Mjomba wenu Shimba mtamwita msibani mkamketishe na ndugu, ingawa ndiye aliyemshauri baba anitoe shule niolewe, na kama mama yangu asingegoma kupika mpaka nirudishwe, nisingeitwa mwalimu. Nimembeba moyoni tangu usichana. Nimechoka, namshusha hapa."

Alihema. Dorcas akamlowesha midomo kwa kitambaa.

"Niliporudi shule tuliambiwa tupime vitu vya mviringo. Nikazungusha kamba ya katani kwenye kihenge cha nafaka cha bibi, nikapima na upana wake. Nikapima chungu, nikapima ngoma ya baba, hata ungo. Kila nilipogawa, mzunguko ulikuwa mara tatu ya upana na kipande kidogo, kilekile, kihenge kwa chungu. Niliogopa, nikamkimbilia mama nikidhani nimerogwa, naye akacheka mpaka akakaa chini. Hiyo ndiyo pai, wanangu. Nimeifundisha mpaka nimeota mvi, na kila baada ya mavuno niliwaita wanafunzi waje na chochote cha mviringo tuisherehekee kwa viazi na maziwa, watu wakasema nimerukwa na akili. Tarakimu zake hazina mwisho. Wenye akili kunishinda wamezifuata wakachoka, kama nilivyochoka mimi. Lakini ilinifariji kwamba mtoto wa mfuga ng'ombe na mtu wa ng'ambo wakipima duara wanapata jibu moja, na hakuna cheo kinachoweza kulibadilisha. Sasa soko limefunguliwa, wageni wanakuja na asilimia zao na mikataba yao, na wewe unataka Kija asome mshale wa mizani tu. Mimi nataka awe mtu wa kukaa nao mezani."

"Ada nitaitoa wapi, mama?" Revocatus alijibu polepole. "Mwalo wenyewe unauona."

"Kodi ya vyumba vya uani ni ada ya Kija. Usiile. Sema mbele ya dada yako."

Revocatus alitazama mikono yake. Alikumbuka jinsi Kija alivyoinama tu alipoambiwa aache shule, bila kulia, akaenda kuosha vyombo. Kimya kile kilikuwa kimemsumbua kuliko kelele zote za mwaloni.

"Atasoma, mama."

"Basi. Mnizike Misungwi, kando ya baba yenu, sanduku liwe la mbao za kawaida. Jumatatu Kija ana mtihani wa hesabu. Hata mkiwa mmenilaza... hapo sebuleni... aende. Msigombane. Mungu awape... riziki isiyo na aibu, na watoto... watakaowauliza maswali. Funga dirisha, Dorcas. Macho yangu... mwanga umekuwa mwingi."

Alifariki Jumapili, watu wakitoka kanisani.

Asubuhi ya Jumatatu mwili ulikuwa sebuleni ukisubiri gari la Misungwi, na wanawake wamejaa mikekani, Kija alipotoka chumbani amevaa sare, macho yamevimba. Minong'ono ikaanza. Bernadeta, jirani, akasema kwa sauti: "Jamani, bibi yake hajazikwa! Huyu anakwenda wapi?"

"Kwenye mtihani," Revocatus alisema akiinuka. "Marehemu ndiye aliyeagiza. Tutamsubiri, ndipo tuondoke."

Akatembea naye mpaka barabarani.

"Baba, nikifeli je?"

"Utarudia," alisema. "Nenda, usichelewe."