Cherehani Namba Saba na Maisha ya Anselemi Mutsinzi

Baba Padri, mkuu wa mudugudu wetu, yaani mtaa wetu, wafanyakazi wenzake marehemu, majirani wa hapa Kanombe, ndugu mliosafiri kutoka Ngara, Mwanza na Bujumbura, poleni na safari, poleni na msiba. Mimi ni Kamikazi, mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, na familia imeniomba niwasomee maisha ya kaka yetu kwa Kiswahili, lugha tuliyokulia nayo na ambayo wengi wetu hapa tunaielewa. Naona wengi mnakitazama kitu kile kilichofunikwa kitenge pale kando ya jeneza na mnaulizana chini kwa chini, nawaomba mvumilie, nitafika huko, kwa sababu kaka yangu hakupenda jambo lolote lirukwe kabla ya zamu yake.

Marehemu Anselemi Mutsinzi alizaliwa tarehe 9 Februari 1963 katika makazi ya wakimbizi ya Muyenzi, wilayani Ngara, Tanzania, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita, baba yetu akiwa mkulima na mama yetu akiwa mfumaji wa vikapu, na wote wawili wametutangulia. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Muyenzi kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, akaendelea na sekondari mjini Bukoba kuanzia 1978 hadi 1981, kisha akaenda Mwanza kusomea utunzaji wa stoo, akapata cheti chake tarehe 25 Novemba 1983, cheti ambacho mpaka leo kimo ndani ya bahasha, bahasha ndani ya faili, na faili lina namba.

Alianza kazi mwaka 1984 katika stoo ya kiwanda cha kuchambua pamba mkoani Mwanza, akafanya hapo miaka kumi bila kupotea hata koleo. Tarehe 12 Novemba 1994 alivuka daraja la Rusumo kurudi nchini kwetu ambako hakuwahi kuishi, akiwa na sanduku moja lililoandikwa namba 1 kwa rangi nyeupe, na nilipomwuliza namba 2 iko wapi akaniambia bado hajainunua. Mwaka uliofuata aliajiriwa kutunza vifaa katika ofisi ya serikali ya mitaa hapa Kigali, na wilaya zilipopangwa upya mwaka 2006 akapewa jukumu lililomkaa mwilini mpaka mwisho, yaani kufuatilia vifaa vya kudumu vinavyonunuliwa kwa mikataba ya wilaya. Wilaya yenyewe sitaitaja, yeye mwenyewe aliniomba hivyo, alisema kosa nitakalolieleza leo ni lake na si la ofisi.

Kwa ambao hawakuwahi kukaa naye meza moja na kuelezwa hili mpaka chai ikapoa, kifaa cha kudumu ni kile kinachotumika zaidi ya mwaka mmoja bila kwisha, kama jenereta, kitanda cha zahanati, pampu ya maji au cherehani, na wilaya ikikinunua ili mwenye mkataba akifanyie kazi, kinabaki kuwa mali ya wilaya, kinaandikwa namba, kinahesabiwa kila mwaka, na mkataba ukiisha kinarudi. Kaka alikuwa na kopo la rangi nyeupe na brashi ndogo ya nywele za mkia wa ng'ombe, na hakuna aliyeruhusiwa kushika brashi hiyo. Hata nyumbani ilikuwa hivyo hivyo, beseni zina namba, vigoda vina namba, na viti mnavyokalia sasa hivi ni vya mudugudu, alivipiga namba mwenyewe mwaka 2018, kwa hiyo tafadhali mkiondoka msivibadilishe na vile vya kanisa, atatusumbua hata huko aliko.

Tarehe 17 Agosti 1996 alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Épiphanie, binti aliyekulia Bujumbura, ambaye kwa miaka karibu ishirini na tisa amevumilia kuishi ndani ya daftari la vifaa, na Mungu akawajalia watoto wawili, Umutoni aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1998 na Shami aliyezaliwa tarehe 21 Oktoba 2002, wote wako hapa. Alikuwa baba mpole, hakuwahi kuinua mkono juu ya mtoto, ila kazini watu walimwogopa, na hilo nalisema kwa sababu bila hilo hamtaelewa yaliyofuata.

Mwezi Julai 2009 wilaya iliingia mkataba na ushirika mmoja wa akina mama washone sare za shule kwa miaka mitatu, wakapewa cherehani kumi na moja, na kaka akazipiga namba 1 hadi 11. Februari 2010 cherehani namba 7 ilivunjika chuma cha ndani, na mwenyekiti wa ushirika, kwa kumwogopa kaka yangu na maswali yake, hakutoa taarifa, aliificha stoo ya nyuma chini ya magunia ya vitambaa, na ili kazi isisimame, mmoja wa washonaji, Mama Xavérine, alileta cherehani yake mwenyewe kutoka nyumbani, aliyopewa na mama yake mzazi huko Bujumbura, akaiweka mahali pa ile iliyovunjika, ikashona sare za wilaya bila yeye kudai chochote.

Juni 2010 kaka alikwenda kuhesabu kama ilivyo desturi, siku hiyo Mama Xavérine hakuwepo, alikuwa amekwenda Bujumbura kumzika huyo huyo mama yake, na kaka alipofika kati ya namba 6 na namba 8 akakuta cherehani isiyo na namba. Akina mama wote walikaa kimya, naye akaona rangi imefutika kwa kutumika, akafungua kopo lake, akaandika 7 kwa mkono wake mzuri, akasaini karatasi, akaenda zake. Aliporudi kutoka msibani Mama Xavérine aliikuta namba, akamlalamikia mwenyekiti wake, mwenyekiti akamwambia anyamaze mpaka mkataba uishe.

Mkataba uliisha tarehe 30 Juni 2012, na Jumanne tarehe 3 Julai kaka alifika na gari kuchukua vifaa, Mama Xavérine akasimama mlangoni akaeleza kwamba ile ni mali yake, wenzake wakatazama chini, na kaka akamjibu maneno aliyokuja kuyajutia, akamwambia, "Mama, mimi nafuata namba." Yeye akamjibu, na jibu hilo kaka alinirudilia mara nyingi, "Hii namba ni wewe uliandika, mashine haiwezi kujiandika." Cherehani zote kumi na moja zikapakiwa. Machi 2013 wilaya ikauza vifaa chakavu kwa mnada kwa taratibu zote, namba 7 ikiwemo, na Mama Xavérine, aliyekuwa ameishi kwa kushona tangu ujana wake, akaanza kuuza nyanya karibu na Sonatubes.

Ndugu zangu, kaka hakujua. Alilala vizuri miaka minne. Septemba 2016 ile nyumba ya ushirika ilipokuwa inabomolewa, aliitwa aje kuangalia kama kuna mali ya wilaya iliyobaki, magunia yakaondolewa, na chini yake akaiona cherehani iliyovunjika ikiwa na 7 nyeupe, mwandiko wake mwenyewe, haukufutika hata kidogo. Alirudi nyumbani hakula, na shemeji alipomwuliza ana nini akajibu kwamba amechukua kitu cha mtu.

Aliandika barua ofisini akijishtaki mwenyewe, akajibiwa kwa heshima kwamba orodha ilikuwa na kumi na moja, zikarudi kumi na moja, mnada ulikuwa halali na jalada limefungwa. Alikwenda kwa Mama Xavérine kuomba radhi, akampelekea na cherehani mpya kabisa, mama akaikataa, akamwambia, "Pole yako sitaki. Hii mpya mama yangu hakuishonea. Leta ile." Wengine tungesema basi, tumefanya tuliloweza, na mimi nilimwambia hivyo waziwazi, nilimwambia anajitesa bure, naye akaniuliza kama mimi ningekubali kuletewa mama mwingine. Nilimkasirikia kwa muda mrefu.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi ambayo hakuwa na kazi wala ibada, alipanda basi kwenda kutafuta. Aliyeinunua mnadani alikuwa ameiuza, aliyeuziwa naye ameibadilisha na pikipiki mbovu, na kwa kuwa wanunuzi hufunika namba za mnada kwa rangi, kaka alikuwa na alama moja tu ya kuitambulia, aliyoelezwa na Mama Xavérine mwenyewe mlangoni bila kumkaribisha ndani, kwamba chini ya ukingo wa ubao wa meza yake kuna misumari miwili iliyopigwa na marehemu mama yake kwa ajili ya kupimia mikono ya mashati ya watoto. Alizunguka masoko ya mashariki na ya kusini, anainama chini ya meza za mafundi wasiomjua anatafuta misumari, mara nyingi wakamwona kama mtu aliyechanganyikiwa, na nyumbani tulimtania, tukamwita mkaguzi wa misumari, naye akacheka pamoja nasi, lakini Jumamosi ikifika akaondoka.

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akastaafu mapema tarehe 31 Desemba 2023, madaktari wakamkataza safari ndefu, akazifupisha lakini hakuziacha. Tarehe 26 Aprili mwaka huu wa 2025, katika soko la Rwamagana, kwa fundi aitwaye Nasiri, alipitisha mkono chini ya ubao akaigusa misumari yote miwili. Nasiri yuko hapa leo, ametueleza kwamba mzee alikaa chini sakafuni akalia, na yeye akafikiri amepatwa na jambo akamletea maji, kisha alipoelezwa habari yote akakubali kupokea cherehani mpya badala yake, na akaileta ya zamani mpaka hapa nyumbani kwa gari lake. Nasiri, asante, hukulazimika.

Shemeji alitaka kumpigia simu Mama Xavérine siku hiyo hiyo, kaka akakataa, akasema hawezi kumrudishia mtu mali yake ikiwa bado ina namba ya wilaya chini ya rangi, aifute kwanza, tena aipeleke mwenyewe. Tarehe 11 Mei akazidiwa, akalazwa, tarehe 23 akaruhusiwa kurudi nyumbani, na kwa siku tatu, akivuta pumzi kwa shida, alikwangua ile 7 kwa kisu kidogo na mafuta ya taa, Shami akiomba amsaidie akamwambia kwamba aliyeiandika ndiye atakayeifuta. Nilimgombeza, Mungu anisamehe, nilimwambia ungeipeleka tu hivyo hivyo ungekuwa umeshapumzika, akaniambia nimngojee kidogo apate nguvu za kusimama mlangoni pa Mama Xavérine. Nguvu hizo hazikuja. Tarehe 30 Mei alirudishwa hospitali, na Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa tano asubuhi, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Kabla sijashukuru, kuna desturi yetu kwamba katika kila msiba familia inauliza kama kuna mwenye dai kwa marehemu. Sisi hatuulizi, tunalijua dai, na mwenye nalo tulikwenda kumwita jana, hakutuahidi kuja, ila namwona amekaa pale mstari wa nyuma, kwenye kiti namba 40. Mama Xavérine, hiki kilichofunikwa hapa ni cherehani ya mama yako.

Kaka aliacha fomu ya makabidhiano, kwa sababu asingeweza kuondoka duniani bila fomu, aliijaza kitandani, nami naisoma kama ilivyo. Jina la kifaa, cherehani ya mguu yenye ubao wa misumari miwili. Namba, haina. Hali ya kifaa, kizima. Kasoro, kimekaa kwa wasio wenyewe karibu miaka kumi na mitatu. Aliyekabidhi, Anselemi Mutsinzi, ametia saini. Na pale chini palipochapwa neno aliyepokea, amelikata kwa mstari mmoja, akaandika juu yake, mwenye mali, na pembeni akaongeza kwamba mwenye mali hatakiwi kusaini chochote. Kwa hiyo mama sikuletei kalamu, na wala sikuombi useme umesamehe, hilo ni lako. Watoto wake, Umutoni na Shami, watakubebea mpaka nyumbani kwako leo hii, kabla hatujaenda makaburini Rusororo, jeneza litasubiri, yeye mwenyewe asingekubali litangulie.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu mwaka 2022, majirani mliolala hapa nasi siku hizi zote na kutupikia, Baba Padri na wanakwaya, wafanyakazi wenzake mliofika na gari la maiti, na mkuu wa mudugudu kwa viti, vitarudi vyote themanini, tumeshavihesabu mara mbili.

Kaka, umeniachia daftari lako nami nimelisoma mpaka ukurasa wa mwisho, na hapa kwako hakuna tena cha mtu. Pumzika kwa amani.