Karkade ya Baridi

Kijiko kiligonga glasi kabla ya adhana ya alfajiri, na Bi Tahiya akajua mumewe anakoroga karkade, kile kinywaji chekundu cha maua ya rosela, badala ya kumeza vidonge vya presha. Asubuhi, kwenye basi dogo la Aswan, alimlalamikia mama asiyemjua aliyeketi karibu naye.

"Vidonge ameviacha kabisa! Eti karkade ya moto inapandisha presha, ya baridi inashusha."

"Kwani si kweli, dada?"

"Hata wewe! Juzi kaanguka chooni!"

Dirisha lilikuwa halifungi, mama yule akamfunika Tahiya mabega kwa mtandio wake. "Marehemu mume wangu naye aliinywa ya baridi," akasema. "Vidonge akaviacha."

Basi likasimama. Tahiya akamshika mkono. "Twende nyumbani ukamwambie mwenyewe. Na kesho uje tena, dada, maana yule haambiwi mara moja akasikia."