Godeberthe na Chakula cha Samaki Kilichobeba Jina Lake

Ndugu, majirani na wafugaji wa samaki, leo tunamzika Godeberthe Nsabiyumva. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Élyse, kama marehemu alivyoagiza mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1976 huko Rumonge, Burundi, mtoto wa pili wa Mzee Barnabé na Mama Apollinarie. Shule ya msingi aliisoma hapo hapo Rumonge, kisha akasomea kilimo na mifugo Gitega, akahitimu mwaka 1997.

Tarehe 7 Agosti 1999 alifunga ndoa na Venuste. Msimamizi wao kanisani alikuwa Ulrich, rafiki wa bwana harusi. Mungu aliwajalia watoto watatu. Mwaka 2015 walikimbilia Uganda, wakapewa kiwanja hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale.

Hapa marehemu alichimba mabwawa mawili, akafuga tilapia na kambale. Samaki walipoanza kutoka vidonda, alikausha majani ya mlonge na ya mpapai, akayasaga pamoja na vitunguu saumu, akachanganya kwenye chakula chao. Vidonda vikapona, samaki wakanenepa. Nguo zake zilinuka saumu hata Jumapili, na Venuste alikuwa akisema kanisani hana haja ya kumtafuta kwa macho.

Ulrich, ambaye naye alikuwa amekimbilia Uganda, alifungua duka Mbarara la kuuza mchanganyiko huo katika magunia yenye jina la Godeberthe. Mwaka 2021 akaanza kujaza magunia pumba na unga ulioota ukungu, lakini nje akaliacha jina lile lile. Samaki wa wafugaji wa Nyamitanga, kule Mbarara, wakafa. Wenyewe walipokuja hapa na hasira, Ulrich alifuatana nao, akamwonyesha Godeberthe kwa kidole: "Ni huyu mama ndiye anachanganyaka."

Walibomoa kingo za mabwawa. Kambale walibaki wakigaagaa kwenye matope. Venuste alipojaribu kuwazuia, walimvunja mguu, na mpaka leo anachechemea.

Godeberthe hakulia mbele yao. Baadaye alinunua gunia dukani kwa Ulrich, akalimwaga juu ya turubai sokoni Base Camp, hapa hapa Nakivale, kando ya mchanganyiko wake. "Munuse wenyewe," aliwaambia wafugaji wa hapa. Kisha akamfundisha kila aliyetaka kujitengenezea, bure. Hakufanya hivyo kwa huruma. Alituambia, "Nataka abaki na magunia yake." Duka lilipofungwa, alipika wali na nyama, akaita majirani.

Mwezi Septemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akalazwa Mbarara. Ulrich alikuja kumwona, akiwa amebeba matunda.

"Godeberthe, unisamehe."

"Ulishaenda Nyamitanga kuwaambia ukweli?"

"Bado."

"Basi na mimi bado."

Ulrich hakwenda. Dada yetu alifariki tarehe 9 Februari 2025, na watu wa Nyamitanga wangali wanaamini kwamba ni yeye aliyewaulia samaki. Padri alituomba tuyaondoe maneno haya. Marehemu alikuwa ameomba yabaki, nasi tumeyaacha. Kesho tutayapeleka Nyamitanga, nyumba kwa nyumba.

Ameacha mume, Venuste. Watoto wake Dieudonné, Doriane na Bienfait. Mdogo wake, Élyse. Na wafugaji wengi aliowafundisha. Hao ndio watakaotangulia kutia udongo kaburini, na majirani wote wanakaribishwa kuwafuata. Ulrich, tumekuona umekaa nyuma. Wewe baki hapo hapo.

Mungu ampokee Godeberthe, alale salama.