Tovuti ya Mshindi

Muuguzi aliyetoka zamu alifumba macho kwenye basi, ila masikio aliyaacha wazi. Umbea hauna usingizi. Mbele yake, bwana mmoja alikuwa akimwonyesha simu mama aliyekaa naye.

"Mwanangu huyu! Kashinda mashindano ya shule ya kutengeneza tovuti. Kafanya peke yake."

"Hongera, baba. Binti yangu ndiye wa pili." Mama aliipokea simu, akateremka na ukurasa mpaka chini. "Mbona hapa pameandikwa, ukitaka tovuti kama hii piga namba hii?"

"Aa, watoto wa siku hizi wajanja, mama."

"Basi ngoja nimpigie nimpongeze." Akatoa simu yake, akabonyeza.

Basi likasimama. Muuguzi akafumbua macho: simu ya yule bwana ilikuwa ikilia mkononi mwa mama.