Mama Célestine na Mchango wa Kongosho

Ndugu na majirani wa Songo, tunayemzika leo ni Célestine Nabintu. Alizaliwa Kalundu tarehe 9 Juni 1922, kifungua mimba wa mvuvi Venant na mkewe Louise. Alisoma kwa masista hapa Uvira, na karibu kila mwaka alishika nafasi ya kwanza. Mwaka mmoja alipotoka wa pili, alirudi nyumbani akalala bila kula.

Alipokua aliuza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, sokoni. Hakupenda mteja wake aonekane kwenye meza ya mwingine.

Tarehe 20 Septemba 1941 alifunga ndoa na Octave, karani wa bandarini. Walipendana sana. Lakini kabla yake Octave alikuwa amemchumbia Georgette wa Sange, na jambo hilo Célestine hakulimeza kamwe. Georgette akipita na mchele wake wa kuuza, Célestine alifunga dirisha, hata kama jua ni kali.

Mwaka mmoja baada ya uhuru, Octave alianza kukonda. Macho yakawa manjano, mgongo ukamuuma asiweze kulala. Georgette akaleta chungu cha wali. Octave alikula kidogo, na wiki hiyohiyo akafariki.

"Weye umemupa sumu!" Célestine alilia mbele ya watu wote. Vijana wakaanza kuokota mawe.

Daktari Habonimana wa hospitali yetu aliomba ruhusa ampasue marehemu. Kisha akamwita mjane peke yake. "Mama, ni kansere ya kongosho. Iko ndani tangu zamani, mbele ya ule wali. Hatuna namna ya kuiona ingali ndogo. Kuna wataalamu ng'ambo wanaitafuta, lakini wanakosa pesa."

Célestine angeweza kunyamaza. Alimfikiria yule mwanamke aliyemjua Octave akiwa kijana, akacheka naye kabla yake, na moyo ukamwaka. Kisha akawatokea watu wa matanga.

"Georgette hakumuua bwana yangu. Minye simupendi, lakini hakumuua. Muweke mawe chini."

Ndivyo ulivyoanza mchango wa kuwasaidia wataalamu hao. Célestine alitenga ndagala wa kuuza kwa kazi hiyo. Georgette naye akaleta gunia la mchele, akaliweka mlangoni, akaenda zake. Wiki iliyofuata Célestine akaongeza ndagala mara mbili. "Hawezi kumulilia Octave kunishinda minye," alimwambia mdogo wake. Wakashindana hivyo, na wamama wengine wakaingia. Daktari akawa anapeleka mchango wao ng'ambo.

Mwaka 1964 uasi ulipofika Uvira, daktari aliondoka na mchango ukasimama. Wanawake hawa wawili walivuka mto Ruzizi wakikimbilia Burundi, wakajikuta chini ya paa moja. Célestine aliugua malaria, na Georgette ndiye aliyempikia uji. Aliunywa wote, akasema chumvi imezidi.

Walirudi mwaka 1966, wakaanza tena. Mwishoni mwa mwaka huo macho ya Célestine yakawa manjano. Safari hii hakumshtaki mtu. Alikwenda mapema hospitalini, lakini mapema yake haikutosha.

Kitandani alisikia kwamba Georgette amewaahidi madaktari kuwa akifa, waupasue mwili wake wajifunze. Célestine akainuka kwenye mto.

"Hata hiyo anataka kuwa wa kwanza? Hapana. Minye nitamutangulia."

Alifariki tarehe 2 Machi 1967, mkono wake ukiwa mikononi mwa Georgette. Madaktari walifanya kazi yao kama alivyoagiza, wakachukua kipande cha kongosho kupeleka kwa wale wanaotafuta. Ndiyo maana tumechelewa kumzika, na tunaomba radhi kwa waliotoka Luvungi tangu jana.

Ameacha watoto watatu, Rémy, Honorine na Norbert, wajukuu saba, mdogo wake Pétronille, aliyeandika maneno haya, na Georgette, aliyekaa benchi ya mbele pamoja na familia, na ambaye asubuhi hii ameleta gunia lingine.

Mungu ampokee Célestine wetu, na udongo huu umlalie taratibu.