Mzee Kope, Aliyemwondoa Mdogo Wake Kwenye Usukani

Baba yetu, ambaye madereva walimwita Mzee Kope, alizaliwa tarehe 9 Juni 1948, kifungua mimba wa fundi cherehani. Alimaliza sekondari mwaka 1967 na shahada ya saikolojia mwaka 1972. Babu alimuuliza hiyo ni kazi ya kufanya nini hasa, na inasemekana hakuridhika na jibu.

Mwaka 1974 aliajiriwa na kampuni ya mabasi ya masafa marefu kupima umakini wa madereva. Chumba chake kilikuwa na kiti, taa na kitufe: taa ikiwaka, dereva abonyeze. Baba alitazama kope zaidi ya taa. Alisema usingizi mfupi humpitia mtu macho yakiwa wazi, na mwenyewe ataapa hakulala. Naye hakusalimika. Mama, aliyefunga naye ndoa mwaka 1976, akizima televisheni, Baba alikatisha kukoroma na kufoka, "Mbona unazima? Naangalia!"

Mwaka 1991 alimpima mdogo wake wa pekee, dereva wa kampuni hiyo hiyo. Taa iliwaka, kitufe kikabaki vilevile. Baba alimwondoa barabarani, akapelekwa karakana.

"Kaka, nilikuwa macho muda wote," alisema baba mdogo. "Unanidhalilisha bure mbele ya wenzangu."

Damu ni nzito kuliko maji, lakini kwa miaka mingi hakukanyaga kwetu. Baba hakujutia uamuzi ule. Aliumia tu, nasi tulimwona akiumia.

Baba alianza kuugua moyo Agosti 2022. Alipolazwa mara ya mwisho, baba mdogo alikuja bila kuitwa, akavuta kiti karibu na kitanda. "Nyie nendeni mkale," alituambia. "Nipo naye." Habari ya usukani haikuguswa, walimcheka babu na cherehani yake. Kisha baba mdogo akasinzia, ameushika mkono wa kaka yake. Muuguzi alitaka kumwamsha, Baba akamkataza.

"Mwache. Leo habebi abiria."

Alifariki alasiri hiyo, tarehe 3 Februari 2023. Baba mdogo alipozinduka alilia, "Jamani, mbona hamkuniamsha?" Muuguzi akamweleza alichoambiwa.

Tulipoandika wasifu huu, baba mdogo aliomba atangulie kutajwa, na Mama akakubali. Marehemu ameacha mdogo wake, mjane, watoto watatu na wajukuu saba. Mungu ampe pumziko la amani.