Siku Niliyokataa Kiti

Ndugu zangu, amani iwe humu ndani. Mwinjilisti amenipa dakika chache, na mnanijua, dakika chache kwangu ni za kusalimia tu. Mnivumilie. Leo nitasema nikiwa nimesimama. Kile kiti changu kirefu, ambacho watoto wa shule ya Jumapili wanakiita kiti cha enzi, nimekiacha kule nyuma kwa makusudi. Haya ninayoyasema sistahili kuyasema nikiwa nimekaa juu.

Mwaka jana nilisimama hapa hapa na magongo mawili. Nikamshukuru Mungu kwa kunivusha upasuaji wa pili wa nyonga, mkanipigia makofi. Mama mmoja pale mbele alilia. Nikawaambia niliteleza bafuni kwa sababu sakafu ilidekiwa ikaachwa na maji. Ndugu zangu, nawaambia leo: ushuhuda ule ulikuwa wa uongo. Upasuaji ni kweli, maumivu ni kweli, na Mungu alinivusha kweli. Lakini sikuteleza. Bafu lilikuwa kavu.

Naona mnatazamana. Tazamaneni tu. Mimi nimetazama chini mwaka mzima.

Nianzie mwanzo. Mnajua nimeuza viazi pale barabarani Iyunga tangu wengine humu hamjazaliwa. Kuinama, kubeba ndoo, kuinuka, kila siku. Nyonga ya kulia ikaisha. Daktari alinionyesha picha akasema mfupa umesagika, dawa ni kuutoa na kuweka nyonga ya bandia. Nikakubali, na ile ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Siku ya kutoka hospitalini, yule binti wa mazoezi, mdogo wa mwili lakini mkali kama mwalimu wa hesabu, akanisomea masharti. Usichuchumae. Usipige magoti. Usikunje nne. Usikae mahali palipo chini kuliko goti lako. Akasema, "Mama, ukikaa kwenye kigoda tu, tutaonana tena hapa." Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Aliyesikia kila neno ni mkwe wangu, mke wa mwanangu, kwa sababu naishi nao nyumba moja. Ni mtoto wa Chunya, si mwongeaji. Tulipofika nyumbani alikitoa kigoda changu cha jikoni akampa jirani. Akachukua kiti kimoja cha mezani akakipeleka kwa fundi seremala, kikaongezwa miguu. Ndicho hicho ninachokuja nacho hata hapa kanisani. Wageni wakija wanakaa kwenye makochi wamezama, mimi nipo juu nawaangalia utosi. Nilikichukia. Mimi nimelelewa kujishusha mbele za watu, sasa nakaa juu ya wakubwa zangu!

Baada ya miezi kama minne tukapata msiba Iringa. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa Mlandege, pale pale Iringa, na aliyefariki ni shangazi yake aliyemlea. Kutokwenda haikuwezekana. Mkwe wangu akasema, "Mama, twende wote, nikubebee kiti chako." Nikamjibu vibaya. Nikamwambia, "Nani anaenda msibani na kiti chake kama anaenda mkutanoni?" Akasema, "Basi ukifika omba kiti, mama. Waambie umefanyiwa operesheni." Nikasema nitawaambia, nikaenda bila yeye. Sikuwaambia.

Jamani, niwaeleze kwa nini. Nilipoolewa kule, siku ya kwanza kabisa, nilimsalimia mama mkwe nikiwa nimekunja magoti kidogo tu, kwa sababu nilikuwa na mzigo kichwani. Wakasema, "Huyu wa Mbeya ana maringo." Neno hilo halikunitoka. Nimezaa watoto watatu kwenye ukoo ule, nimemzika mume wangu kule, na kila nikiingia ile nyumba najiona bado ni yule binti mwenye maringo.

Kwa hiyo fimbo yangu ya kutembelea niliiacha kwenye gari. Niliingia bila kitu mkononi. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani, chini ya turubai. Binti mmoja aliniona ninavyotembea, akaniletea kiti cha plastiki. "Mama, kaa hapa." Wifi zangu wakageuka kutazama. Nikamwambia, "Cha nini? Mimi siumwi." Nikajishusha kwenye mkeka polepole, namng'ang'ania jirani yangu, huku natabasamu.

Pengine ningeishia hapo ningepona. Lakini akaingia mdogo wa yule shangazi aliyefariki, mzee ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Akina mama wote wakapiga magoti kumsalimia. Mimi ningeweza kusema "Kamwene" nikiwa nimekaa pale pale, hakuna ambaye angeniuliza. Badala yake nilitoka hadi nje ya mkeka, nikapiga magoti kwenye udongo mtupu, nikainama kuliko wote. Nikasikia kitu ndani ya nyonga kinasogea, kama kitasa cha mlango. Macho yakaingia giza. Nikanyanyuka kwa kushika bega la wifi yangu, naye akasema kwa sauti, wenzake wakisikia, "Kumbe wifi yetu ana adabu hivi!"

Nami nikafurahi. Nataka mlisikie hilo vizuri. Nyonga inawaka moto, jasho linanitoka, na moyoni nafurahi kusifiwa.

Nilirudi Mbeya nachechemea. Mkwe wangu akaniuliza, nikasema ni kukaa kwenye gari muda mrefu. Nikawa nameza vidonge vya maumivu nikijificha. Siku ya nne asubuhi, niko bafuni, nikageuka kuchukua taulo, mguu ukagoma. Nyonga ikatoka yote. Nilipiga kelele, nikaangukia mlango. Majirani wakaja mbio. Pale mlangoni kulikuwa na ndoo na dekio, na hakuna aliyeigusa sakafu. Mmoja akauliza, "Nani kadeki hapa akaacha maji?" Mkwe wangu akasema, "Nimedeki mimi, lakini nilikausha." Wote wakanitazama mimi.

Ndugu zangu, pale nilikuwa na nafasi. Nikisema kweli naumia, nikidanganya naumia vile vile, kilichobaki ni mdomo wangu kuchagua. Nikasema, "Palikuwa na maji."

Hospitalini walijaribu kuirudisha, lakini picha ikaonyesha kikombe cha ile nyonga ya bandia kimehama na mfupa umepata ufa. Ikabidi wanifungue tena. Msije mkadhani upasuaji wa pili ni kama wa kwanza. Wa kwanza nilikuwa natembea kwenye korido napunga mkono wodi nzima. Wa pili nilikaa wiki na wiki bila kukanyaga. Mfupa umechoka, nyama imechoka, na moyo nao. Hata leo mguu huu umekuwa mfupi kidogo, mnauona nikitembea.

Na nani alinihudumia? Huyo huyo niliyemsingizia. Alinishikia beseni. Aliniogesha. Alinipikia uji, akanihesabia hatua kutoka kitandani hadi dirishani. Binti zangu walikuja wakasema mbele yake, "Ulitaka kumuua mama yetu." Mwanangu alikaa siku nyingi hamsemeshi mke wake. Yeye akiniwekea mto mgongoni, mimi nimefumba macho najifanya nimelala.

Nanyi humu ndani, baada ya ule ushuhuda wangu, mkampa jina. Mama Ndoo. Akina mama wakigawana kazi za sherehe mtu anasema, "Kudeki msimpe yule." Nimesikia kwa masikio yangu, nimekaa kwenye kile kiti alichonitengenezea yeye. Siku moja nilicheka na nyinyi. Ndiyo, nilicheka.

Mwanzoni mwa mwezi huu tulikwenda kliniki. Daktari akaitazama picha, akatazama ile ya zamani, akaniuliza taratibu, "Mama, hii ya kwanza ilitokaje hasa? Ulichuchumaa? Ulipiga magoti?" Nikasema hapana, niliteleza. Mkwe wangu alikuwa amekaa pembeni yangu. Alitazama ukuta.

Kesho yake asubuhi alikuja kunivisha soksi. Mimi siruhusiwi kuinama hadi miguuni, kwa hiyo kila siku yeye hupiga magoti mbele yangu ananivisha. Akanivisha moja. Akasema, bila kuinua uso, "Mama, jana daktari alikuuliza vizuri tu. Ungemjibu ajue namna ya kukutibu."

Nikajifanya mkali. "Nimjibu nini tena?"

"Mama, kitenge ulichorudi nacho Iringa nilikifua mimi. Kilikuwa na udongo mwekundu mahali pa magoti. Huku na huku, pote pawili."

Nikamuuliza, "Ulijua?"

"Nilijua kabla hujaanguka."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Ningesema kwa nani? Nimwambie mume wangu kwamba mama yake amesema uongo? Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe." Akakunjua soksi ya pili. "Sasa nimechoka kusubiri, mama. Mwisho wa mwezi nakwenda kwetu Chunya. Mwanao nimemwambia nakwenda kupumzika. Sijamwambia kwamba sirudi."

Akanivisha soksi ya pili, akainyoosha isijikunje kwenye kisigino, kama anavyofanya siku zote. Akanyanyuka akaenda kupika chai. Nimepasuliwa mara mbili, ndugu zangu. Hakuna kisu kilichonifikia mahali ile soksi iliponifikia.

Sikungoja. Mchana ule ule nilimwita mwanangu, nikawapigia simu binti zangu, nikasema yote. Udongo, magoti, sifa, na bafu kavu. Mwanangu alitoka akaenda jikoni kwa mkewe, nikasikia mtu analia, na mpaka leo sijui alikuwa nani kati yao. Binti yangu mmoja alinikatia simu, na bado hajanipigia. Ana haki. Alimtukana mtu bure kwa ajili yangu.

Nikamwomba mkwe wangu msamaha. Akasema, "Asante, mama. Nyumbani umesema. Lakini jina la Ndoo sikupewa nyumbani." Begi lake bado liko nyuma ya mlango. Nguo nyingine amezitoa, nyingine zimo. Kila nikipita naliangalia.

Ndiyo maana niko hapa. Nawashukuru wote mlionibeba asubuhi ile mkanipakia garini. Nawashukuru mlioleta chakula, na madaktari walionifungua mara mbili bila kunichoka, na yule binti wa mazoezi ambaye tulionana tena kama alivyosema. Ndaga fijo, asanteni sana. Lakini mlinichangia machozi kwa uongo wangu, na mkamnyima salamu mtu asiye na kosa. La pili ni lenu kidogo. Kubwa ni langu.

Kama kuna mtu hapa amefanyiwa operesheni kama yangu, akiletewa kiti akae. Wakwe wakishangaa, washangae. Adabu yangu ya siku ile haikuwa adabu. Yalikuwa yale yale maringo niliyosingiziwa ujanani, safari hii ya kweli, yamepiga magoti ili yaonekane.

Kwetu mtu aliyekosa hupiga magoti. Nilitamani leo nimpigie magoti mbele yenu, yeye aliyenipigia mimi asubuhi zote hizo. Siruhusiwi tena, maisha yangu yote. Kwa hiyo nasema nimesimama. Mwanangu, wewe uliyekaa benchi la mwisho karibu na mlango. Ulideki, na ulikausha. Nilikusingizia. Nisamehe mbele ya hawa walionisikia nikikusingizia.

Hapana, mama mchungaji, asante, usinisogezee benchi. Najua nimesimama sana, mguu unatetemeka, naujua. Acha utetemeke.

Naona amenyanyuka. Mlango uko pale pale karibu naye, na akitoka nje msimzuie wala msimseme, ana haki hiyo pia.

Hatoki. Amekibeba kile kiti. Jamani, mpisheni apite.